Globu uliyoing'oa ilikuwa na kazi zaidi ya kuwaka

Gari lilikuwa Corolla ya mwaka 1998, nyeupe, safi, na kijana mwenye nalo alikuwa amezihangaikia taa za nyuma wiki mbili nzima. Alizipasua, akatoa utumbo wote wa ndani, akapanga LED nyekundu kwa safu mbili zilizopinda kama nyusi. Zikiwaka, lazima ugeuke. Shida zake alizisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza daktari ugonjwa wa aibu. Akikanyaga breki mchana kweupe, mwanga wa dashibodi unawaka, na taa ya pleti namba nayo inawaka. Akiwasha indiketa ya kushoto, inapiga mbiombio mpaka abiria wanamuuliza kuna nini. Na taa ya kulia ilikuwa na punje sita za LED zilizokufa, mbili mbili kwa macho ya haraka, lakini ukizifuata waya kwa waya, tatu zilikuwa za mstari mmoja na tatu za mstari mwingine.

Fundi aliyempitia kabla yangu alimwambia gari lina shoti na dawa ni kuvuta nyaya mpya toka mbele mpaka nyuma. Shoti haikuwepo. Nyaya za gari zilikuwa nzima, za kiwandani, hazijaguswa. Kilichotokea ni kwamba aling'oa globu akadhani ameondoa kitu cha kutoa mwanga, kumbe ameondoa vitu vitatu vingine ambavyo globu ilikuwa ikivifanya kimya kimya tangu gari litoke Japani. Kila shida aliyoileta ilikuwa ni kazi moja ambayo sasa haina wa kuifanya.

Chukua globu ya kawaida ya taa ya nyuma, ile ya nyuzi mbili yenye maandishi 12V 21/5W. Uzi mnene wa wati 21 ni wa breki, uzi mwembamba wa wati 5 ni wa taa ndogo. Nyuzi hizi ziko ndani ya kioo kimoja, zina ethi moja, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari, lakini kila mmoja una njia yake ya moto. Kazi ya kwanza iko hapo: globu inatenganisha. Umeme wa breki ukija unapita kwenye uzi wake, unashuka ethi, umemaliza. Hauna sababu ya kupanda kwenye waya wa taa ndogo.

Kazi ya pili ni kujizuia. Uzi wa wati 21 ukiwa wa baridi hauna hata omu moja ya ukinzani. Ukishawaka unafika kama omu saba. Volti zikipanda, uzi unazidi moto, na ukizidi moto unazidi kukataa umeme. Ni mlango unaojisukuma wenyewe kufungwa. Ndiyo maana globu haijali sana kama gari liko kwenye volti 12 au 14.

Kazi ya tatu ni kula. Globu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, na mbele kuna kifaa kinachohesabu ulaji huo, nitakifikia.

LED haifanyi hata moja kati ya hizo tatu.

Tuanze na punje zilizokufa, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapoungulia. Punje nyekundu ya kawaida inahitaji takriban volti 2.1 na mkondo wa miliampea 20. Chini ya kama volti 1.7 haikujui. Ikishafunguka, ukiongeza volti kidogo tu, mkondo unaruka vibaya sana, na hakuna kinachoupunguza, kwa sababu punje ikipata joto inazidi kuachia badala ya kukaza. Kwa hiyo LED hailishwi kwa volti, hulishwa kwa mkondo, na mkondo huo lazima aushike mtu mwingine. Mtu huyo kwa kawaida ni rizista, kijidude cha kukinza umeme.

Sasa ni volti ngapi? Watu wote wanasema gari ni volti 12, na hesabu nyingi zinaharibikia kwenye hiyo 12. Betri iliyojaa, injini imezimwa, inasoma 12.6. Injini ikinguruma na alternata ikichaji, mita inasoma kati ya 13.8 na 14.5. Taa ya nyuma inaishi maisha yake mengi kwenye 14 na ushee, kwa hiyo hesabu yangu naifanya kwa 14.4.

Punje tatu nyekundu zikifuatana mstari mmoja zinakula 6.3. Toa 6.3 kwenye 14.4, zimebaki volti 8.1 ambazo rizista inabidi izimeze. Gawa 8.1 kwa 0.02, unapata omu 405. Dukani utapata 390 au 430. Ukichukua 430 mkondo unakuwa kama miliampea 19, salama. Rizista yenyewe inageuza joto la wati 0.15. Ile ndogo ya robo wati itahimili, lakini itakuwa moto ndani ya taa iliyofungwa, juani, Dar es Salaam, mwezi Februari. Weka ya nusu wati. Tofauti ya bei haifiki ya chai.

Kwa nini tatu na si tano? Tano zingepoteza umeme kidogo zaidi kwenye rizista, na wengi hupenda hivyo. Hebu tupige zote mbili. Tano zinakula 10.5, zinabaki 3.9, rizista ya omu 220, mkondo kama miliampea 18. Vizuri. Sasa zima injini, betri imechoka kidogo, volti 12. Mstari wa punje tatu unashuka mpaka miliampea 13, jicho halitagundua sana. Mstari wa punje tano unabaki na volti 1.5 tu za kugawa kwa 220, yaani haufiki miliampea 7. Taa imefifia zaidi ya nusu, na ni pale ambapo umeegesha pembeni usiku na ungependa sana uonekane. Rizista ikipewa volti nyingi za kumeza, taa haiyumbi. Ikibaniwa, kila mtikisiko wa betri unaonekana. Mimi naishia tatu, nne nikibanwa na nafasi.

Kijana wetu alikuwa na mistari ya tatu tatu, hilo alilipata. Kosa lake ni kwamba mistari sita sita aliiunganisha pamoja na kulipa kila kundi rizista moja kubwa kwa wote. Kwenye karatasi hesabu inakubali: mistari sita mara miliampea 20 ni 120, gawa 8.1 kwa 0.12, weka omu 68. Lakini punje hazizaliwi sawa, hata zikitoka pakiti moja. Mstari wenye njaa kuliko wenzake unajivutia mgao mkubwa, unapata joto, unaachia zaidi, unavuta zaidi, mpaka punje moja inakatika. Ikikatika moja, mstari mzima wa tatu unazima. Rizista haijui kwamba kuna aliyekufa. Inaendelea kupitisha mgao uleule, sasa kwa mistari mitano, kila mmoja miliampea 24. Kisha minne, kila mmoja 30. Wanakufa kwa kupokezana. Nilipoziona punje sita, tatu na tatu, sikuhitaji hata kutoa mita. Kila mstari na rizista yake, hakuna ujanja mwingine.

Na kwa wale wanaotaka kukwepa hesabu kwa kununua mkanda wa LED, ile inayouzwa kwa mita kwa ajili ya dari za sebuleni: imeandikwa 12V na kweli imepigiwa 12 kamili. Kwenye mikanda mingi ya punje ndogo nyeupe, kila kipande cha punje tatu kina rizista ya omu 150. Punje nyeupe inataka kama volti 3.2, tatu ni 9.6. Kwa volti 12 zinabaki 2.4, mkondo ni miliampea 16. Ufunge kwenye gari linalochaji kwa 14.4, zinabaki 4.8, mkondo ni 32. Volti zimepanda kwa asilimia 20, mkondo umepanda mara mbili. Ndiyo maana mikanda hiyo kwenye bodaboda na daladala inang'ara mwezi wa kwanza, halafu inaanza kuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Anayetaka kufanya kwa ustaarabu zaidi anaweza kutumia LM317, kijidude cha miguu mitatu kinachopatikana duka lolote la vipuri vya redio, ukakifunga kama kishika mkondo: gawa 1.25 kwa mkondo unaoutaka, jibu ndilo rizista yake. Inafanya kazi vizuri, ila inakula karibu volti 3 peke yake, kwa hiyo mistari mirefu haiiwezi.

Twende kwenye dashibodi inayowaka ukikanyaga breki. Hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote, kwa sababu dalili iko mbele na ugonjwa uko nyuma.

Waya wa taa ndogo unapotoka kwenye fyuzi hauendi nyuma tu. Njiani unalisha taa ndogo za mbele, pleti namba, na mwanga wa saa na swichi za dashibodi, ili usiku uone spidi yako. Wote ni familia moja. Kijana alitaka LED zote ziwake kwa taa ndogo na zote ziwake kwa breki, akachukua waya wa breki na waya wa taa ndogo, akaisokota pamoja kwenye chanya moja. Sasa hakuna nyuzi mbili za kutenganisha. Akikanyaga breki, umeme unafika kwenye makutano yale, unakuta njia mbili: kushuka kwenye LED, au kupanda nyuma kwa waya wa taa ndogo kwenda kuwasha familia nzima. Umeme haukuulizi, unapita kote.

Lakini nikamuuliza swali ambalo hakulitarajia: usiku, taa zikiwa zimewashwa, ukikanyaga breki, nyuma kunabadilika nini? Akafikiri. Hakuna kinachobadilika. Punje zilezile, mkondo uleule, mwanga uleule. Kwa wiki mbili alikuwa anaendesha barabara ya Mandela usiku bila taa ya breki, na hakuna taa ya dashibodi ya kumwambia hilo. Taa moja tu ndiyo ilikuwa inasema kweli, ile ya juu kwenye kioo cha nyuma, ambayo kwa bahati hakuigusa.

Tofauti kati ya taa ndogo na breki kwenye globu ya 21/5 ni kubwa kuliko wati zinavyodokeza. Kwa viwango vya kimataifa vya globu hiyo, uzi wa breki hutoa lumeni 440 na wa taa ndogo 35. Ni zaidi ya mara kumi. Mwanga wa LED unaufuata mkondo kwa karibu, kwa hiyo kama breki inapata miliampea 19 kwa mstari, taa ndogo inatakiwa kupata mbili hivi. Watu hupunguza nusu wakadhani inatosha. Haitoshi, jicho huwa halioni nusu kama nusu.

Dawa ni dayodi mbili na rizista moja zaidi. Dayodi ni mlango wa upande mmoja: umeme unaenda, haurudi. 1N4007 inatosha kabisa, inabeba ampea moja na inauzwa kwa bei ya pipi. Waya wa breki unaingia kwenye dayodi yake, kisha makutano. Waya wa taa ndogo unaingia kwenye dayodi yake, kisha rizista ya kupunguza, kisha makutano yaleyale. Toka makutano, kila mstari una rizista yake na punje zake tatu, halafu ethi. Kila dayodi ina mstari wa rangi ya fedha upande mmoja. Upande wenye mstari unatazama LED. Ukiigeuza, hakiungui kitu, haiwaki tu, kwa hiyo usiogope.

Hesabu inabadilika kidogo kwa sababu dayodi nayo inakula volti 0.7. Zile 8.1 zimekuwa 7.4, na kwa miliampea 19 rizista ya mstari inakuwa 390 badala ya 430. Kwa taa ya mistari 12, yaani punje 36, breki inavuta miliampea 230 hivi, kiasi cha wati tatu na ushee. Dayodi haioni hata jasho. Upande wa taa ndogo tunataka jumla ya miliampea 24. Kwa mkondo mdogo hivyo punje zenyewe zinashuka mpaka karibu 1.9 kila moja, kwa hiyo rizista ya kupunguza inabaki na kama volti 7.2 za kumeza. Gawa kwa 0.024, omu 300. Nilimwekea 330 ya nusu wati. Moja kwa taa nzima inafaa hapa, kwa sababu kila mstari tayari una rizista yake ya kuulinda.

Indiketa ni hadithi fupi. Flasha, yule mpiga tik-tak, amefundishwa kutarajia globu mbili za wati 21 na kale kadogo ka ubavuni, jumla wati 47 hivi. Globu moja ikiungua, ulaji unashuka, flasha inaongeza mwendo ili ikuarifu. LED inakula wati mbili au tatu, flasha inaona maiti, inapiga mbio. Hakuna kilichoharibika, kifaa kinatimiza wajibu wake kwa taarifa isiyo sahihi.

Njia ya kwanza ni kumdanganya: rizista ya omu 6 ya wati 50, ile ya dhahabu yenye mapezi, inafungwa kati ya waya wa indiketa na ethi. Sio katikati ya waya. Nimekuta iliyofungwa katikati, LED ikawa hafifu na flasha bado inakimbia. Hiyo rizista inageuza zaidi ya wati 30 kuwa joto kila indiketa inapokuwa imewaka. Washa hazadi dakika tano halafu iguse, utajua. Ifungwe kwa skrubu kwenye chuma cha bodi, mbali na plastiki, mbali na zulia la buti, na kamwe isining'inie kwa tepu. Ya kijana ilikuwa imefungwa kwa kamba ya plastiki kwenye bampa, upande wa kulia tu, na bampa lilikuwa limeanza kutoboka. Njia ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kubadilisha flasha yenyewe ukaweka ya kielektroniki ambayo haihesabu ulaji. Toa ya zamani, nenda nayo dukani, linganisha miguu na mpangilio wake. Bei yake haizidi sana ya rizista mbili, na hakuna jiko ndani ya bampa.

Sasa ethi, ambayo hakuja nayo kama malalamiko lakini niliikuta. Kwenye Toyota nyingi waya wa ethi ni mweupe wenye mstari mweusi, na unaishia kwenye bolti iliyokazwa kwenye bodi ndani ya buti. Rangi nyingine zote usiziamini kwa macho. Washa kitu kimoja kimoja, gusa kwa testa, andika kwenye kipande cha tepu. Kwa gari la pwani bolti hiyo huwa ni kipande cha kutu chenye kumbukumbu ya kuwa bolti. Hewa ya chumvi haina haraka lakini haichoki.

Ethi ikiwa mbaya, umeme wa indiketa ukikosa pa kushukia unatafuta njia kupitia taa ya jirani. Ndiyo unaona indiketa ikipiga, taa ndogo nayo inapepesa kwa kupokezana. Globu zilikuwa zinavumilia kidogo kwa sababu zinahitaji nguvu nyingi ili ziwake. LED haivumilii: miliampea moja tu iliyopotea njia inatosha kuifanya imetemete gizani. Kipimo chake ni rahisi. Washa taa zote, weka mita kwenye volti, mguu mmoja kwenye ethi ya taa, mwingine kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu. Ukisoma zaidi ya 0.2, kuna kutu mahali. Hapa mita ilisoma 0.9. Msasa, bolti mpya, grisi kidogo juu, ikashuka mpaka 0.05.

Kuhusu kupasua taa zenyewe, nitasema mawili. Mapishi ya mtandaoni ya kuweka taa kwenye oveni mpaka gundi ilainike ni ya taa za mbele, ambazo nyingi hufungwa kwa gundi laini nyeusi. Taa nyingi za nyuma hazina gundi: kioo na kikombe vimeyeyushwa na kushikana kuwa kitu kimoja, utazipika mpaka zipinde na hazitaachana. (Tunaita kioo, lakini ni plastiki, na ukiifuta kwa petroli au thina inajaa nyufa ndogo kama buibui.) Hizo hukatwa taratibu kwa msumeno mwembamba kwenye mshono, na kufungwa tena inakuwa ndiyo kazi hasa. La pili ni silikoni. Ile inayonuka siki inatoa asidi ikikauka, na asidi hiyo ikifungiwa ndani ya taa inakula shaba na miguu ya punje. Miezi michache baadaye kila kiungo kina unga wa kijani. Tafuta isiyonuka siki. Na usizibe matundu ya kupumulia yaliyopo nyuma ya taa; wengi huyaziba kwa nia njema halafu wanashangaa mvuke wa asubuhi hautoki.

Viungo vilehemiwe, viingie mrija unaosinyaa kwa moto. Kusokota na tepu nyeusi ni kwa safari ya kufika kwa fundi. Na toka unapochukua moto wako mpya, kama umechukua moto mpya, weka fyuzi ndogo. Ya ampea 5, ile ya rangi ya kahawia hafifu, inatosha taa zote za nyuma za LED. Fyuzi ya kiwandani ya breki ilipangwa kulinda nyaya nene za globu. Waya wako mwembamba utawaka moto na fyuzi hiyo ikiwa inatazama.

Haya yote ni ya magari kama Corolla ile, ambapo swichi inapeleka umeme na umeme unawasha taa. Magari ya karibuni, hasa ya Kijerumani, yana kompyuta inayolisha taa. Inatuma mapigo mafupi ya kuchungulia kama globu ipo. Uzi wa globu hauyahisi, LED inayahisi na kupepesa hata gari likiwa limezimwa. Nyingine zinapunguza mwanga wa taa ndogo kwa kukatakata umeme mamia ya mara kwa sekunde. Hapo usifunge chochote moja kwa moja. Waya wa kompyuta uutumie kama ishara tu ya kuamsha transista, swichi ya kielektroniki, na chakula cha taa kitoke kwenye fyuzi yake. Globu bandia zenye rizista ndani, zile zenye neno Canbus kwenye boksi, husaidia kwa baadhi na kwa wengine zinapika soketi.

Na faida ipo, nisije nikaonekana napinga. LED inafika mwanga wake kamili papo hapo. Uzi wa globu unachelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa kilomita 100 kwa saa, aliye nyuma yako anapata kama mita tano na nusu za ziada za kukanyagia. Ni urefu wa gari moja zima. Lakini azipate tu kama mwanga unamfikia: punje za duara za milimita 5 nyingi hutupa mwanga mwembamba kama tochi, mbele kabisa moto, ukisogea pembeni hatua mbili huoni kitu. Za kijana zilikuwa hivyo. Tulizipiga msasa laini vichwani mpaka zikawa na ukungu, mwanga ukatawanyika.

Tukamaliza jioni. Yeye akakaa kwenye usukani, mimi nikarudi hatua thelathini nyuma, jua la saa kumi na moja likiipiga taa usoni, kipimo kigumu kuliko usiku. Breki: ikasomeka. Taa ndogo, halafu breki juu yake: ikaruka wazi. Dashibodi kimya. Indiketa ikarudi kwenye mwendo wa binadamu.

Kilibaki kitu kimoja ambacho hakina waya. Katika kuitoa globu na vikombe vyake alitupa pia kile kipande chekundu chenye vidoa vya pembetatu, kiakisi, kinachorudisha mwanga wa gari linalokuja. LED, kwa ustadi wote, inahitaji betri. Gari likikufia Chalinze saa nane za usiku, betri imekwisha, lori linashuka, kile kipande cha plastiki ndicho pekee kitakachowaka. Nilikuwa na viwili vya duara vya tela, nikampa. Akavishikilia kwenye taa, akarudi nyuma kutazama, akakunja uso: vinaharibu nyusi zake. Tukavibandika kwenye bampa, chini kidogo ya pale lilipotoboka.